Mwaka Ambao Damu Ilikataa Kupita

Mwezi uliopita tulimzika mama mkwe wangu pale Baraka, mji wetu kando ya Ziwa Tanganyika upande wa Kongo. Siku ya tatu ya matanga, tukiwa tumekaa kwenye mikeka uani, shemeji yangu mkubwa aliwakusanya wakazamwana wapya wa ukoo akaanza kuwaeleza habari zangu mbele yangu, kana kwamba maiti ni mimi. Aliwaambia kwamba mama huyu mnayemwona, mwenye mvi na miwani, alishukiwa kumtilia sumu mzee wa nyumba hii, akavumilia mwaka mzima bila kumjibu mtu vibaya, mpaka Mungu akamsafisha mbele ya wote. Wasichana wakanitazama kwa heshima, na mmoja akanisogezea mto. Niliinamisha kichwa kama mtu anavyofanya akisifiwa, nikajisikia vibaya sana, kwa sababu aliyoyasema shemeji yalikuwa kweli tupu na bado hayakuwa habari yenyewe. Habari yenyewe tulikuwa tunaijua watu wawili, na mmoja alishakufa zamani. Mama mkwe alikuwa mtu wa mwisho ambaye ingemuuma kuisikia. Sasa naye amekwenda, na mimi sina tena kisingizio cha kunyamaza.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na mtoto mmoja wa kunyonya. Nilikuwa nimeolewa Baraka nikitoka milimani Fizi, Mkatoliki niliyeingia katika nyumba ya Waislamu, na kwa miaka miwili nilikuwa nimeshika mambo yao vizuri kiasi cha kuanza kujisahau. Mume wangu Hamisi alikuwa akishinda Misisi, akiwauzia wachimbaji wa dhahabu sururu, tochi na mabuti, na akija nyumbani alikuja mwekundu kwa vumbi la pikipiki. Baba mkwe, ambaye wote tulimwita Mzee, alikuwa na boti mbili za mizigo ziwani na sauti iliyotoka sebuleni ikafika nyumba ya tatu. Akisalimia mtu barabarani, sisi jikoni tulijua ni nani. Nilimpenda. Naandika hili mapema kwa sababu mbele kuna mambo ambayo yatafanya msomaji awe na shaka. Aliniita mama, kama baba anavyomwita binti yake, na alikuwa hashiki tonge kabla ya kuuliza kama nimejibakizia changu.

Siku yenyewe ilikuwa Ijumaa. Mama mkwe alikuwa kwa dada yake, kwa hiyo nilipika peke yangu: samaki kuhe kwa nyanya na mawese, sombe ya majani ya muhogo, na bugali wa muhogo. Mawese yalikuwa mapya. Mama yangu alikuwa ameyateremsha kutoka Fizi siku mbili kabla, kwenye kidumu cha njano, kama zawadi. Mzee alirudi kutoka msikitini, akaketi kwenye kiti chake cha mikono mipana, akala vizuri, akamsifia samaki, akanawa. Nilikuwa nakusanya masahani nilipomsikia akisema moto, moto, huku akisugua katikati ya kifua kwa kiganja. Nilipogeuka, jasho lilikuwa linamshuka usoni mpaka kwenye ndevu na midomo yake imepoteza rangi. Akatapika chakula chote kwenye zulia. Nilipiga kelele, na kabla sijamaliza kumfuta mdomo sebule ilikuwa imejaa watu.

Kwetu mtu mzima akila vizuri kisha akaanguka, hakuna anayeuliza anaumwa nini. Wanauliza alikula kwa nani. Wageni wanatucheka kwa hilo, na mimi mwenyewe, ambaye sasa nimekuwa muuguzi huko Nundu kwa miaka mingi, nimewahi kuwakemea watu wazima kwa hilo mpaka nikajisikia aibu. Lakini si ujinga mtupu. Tumeishi miaka ambayo watu walikufa bila mtu kujua walikufa kwa nini, na moyo wa binadamu unataka kujua. Ndiyo maana mpaka leo, ukimkaribisha mgeni kinywaji, unatangulia kukionja wewe mbele ya macho yake. Hakuna anayeona ni matusi. Ni adabu.

Jirani yetu alikuwa muuguzi hospitalini. Aliingia akiwa bado na kitenge cha kulimia, akashika kifundo cha mkono wa Mzee, akatulia kidogo, kisha akasema wazi, “Hii ni moyo. Mumupeleke lopitali sasa hivi, musingoje kitu.”  Watu walikuwa wananiangalia mimi niliyesimama na masahani mkononi, na nyuma yangu, kwenye mlango wa jikoni, kidumu cha njano. Shemeji mkubwa aliuliza taratibu, kama mtu anayeuliza bei, mafuta yale yametoka wapi. Nikasema kwa mama yangu. Mtu mmoja nyuma akaguna.

Kwenye njia ya kupanda Fizi kulikuwa na mganga wa sumu aliyejulikana. Alimpa mgonjwa dawa ya kutapisha, na aliyeshukiwa alikunywa kikombe hichohicho. Mwenye mikono misafi, walisema, haimdhuru. Niliwaza haraka kuliko nilivyowahi kuwaza maishani. Nikisema hospitali, nitakuwa nimekimbia kikombe, na kila aliye chumbani atajua maana yake. Nilimwangalia Mzee anavyohema. Kisha nikasema, kwa sauti ya kusikika na wote, “Tumupeleke kwa munganga ya sumu kwanza. Na mi nitaenda. Nitakunywa.” Niliona mabega ya watu yakishuka. Shemeji akasema mkazamwana ameongea vizuri. Jirani muuguzi alinitazama kwa muda, akauweka mkono wa Mzee juu ya goti lake polepole, akatoka. Sikuwahi kumsikia akilizungumzia jambo lile, wala kwa wema wala kwa ubaya, mpaka alipohama.

Tulipanda na gari la kubeba mchele, Mzee akiwa amelazwa juu ya magunia matupu, kichwa chake kwenye mapaja ya shemeji. Kila kona ya ule mlima ilimtoa sauti. Alikuwa akiushika mkono wake wa kushoto kama mtu aliyebeba mtoto, na aliomba maji, tukamnyima, kwa kuwa tuliambiwa mwenye sumu hanywi maji kabla ya dawa. Kwa mganga kulikuwa na benchi na watu wanaosubiri, kila mmoja na mtu wake anayemshuku. Tulipewa maji ya kahawia yenye harufu ya majani mabichi. Mzee akanywa akatapika. Mimi nikanywa nikatapika vilevile, maana dawa ya kutapisha kazi yake ni kutapisha, na wakubwa wakabishana nyuma ya nyumba kama kutapika kwangu kunahesabika au la. Mganga akatoa uamuzi kwamba mimi ni safi kwa upande mmoja, na kwamba sumu ya Mzee imetoka nusu; nusu nyingine imeng'ang'ania, tubaki mpaka kesho mchana anywe tena. Tukabaki. Nilikaa karibu na mlango nikimsikia akihema, na kusema kweli nilikuwa najipongeza moyoni kwamba nimeokoka.

Kesho yake jioni ndipo tulipofika hospitali ya Baraka. Daktari alikuwa kijana aliyetoka masomoni si zamani, mwenye shati lililopigwa pasi vizuri kuliko la mtu yeyote pale. Alimwekea Mzee nyaya kifuani, karatasi ikaanza kutoka, na nilimwona akiisoma na uso wake ukibadilika. Aliuliza maumivu yameanza lini. Shemeji akajibu, jana mchana. Daktari aliweka kalamu mezani. Akatueleza kwamba mshipa unaoulisha moyo wenyewe umeziba kwa damu iliyoganda, kwamba yeye hapa ana vidonge tu, na kwamba Nairobi wako watu wanaopitisha waya mwembamba mkononi mpaka kwenye moyo, wakaufungua ule mshipa kutoka ndani. Akasema kama tuna uwezo twende sasa, tusikae kikao. Hamisi alikuwa ameitwa kutoka Misisi. Alifika asubuhi, akamchukua baba yake kwa boti mpaka Uvira, wakavuka Bujumbura kupanda ndege. Alinipita uani bila kunisalimia. Labda hakuniona.

Siku tuliyopigiwa simu kutoka Nairobi naikumbuka kwa vyakula vyake. Kulikuwa na ndagala, wale dagaa wa ziwani, wakianikwa kwenye bati, na mama mkwe alikuwa akichambua mchele kwenye ungo asioutazama. Simu ilikuwa juu ya stuli katikati yetu. Ilipolia aliiweka kwenye sauti kubwa ili wote tusikie, na Hamisi akasema, “Baba bamemufungua. Mushipa iko wazi.” Wanawake wakapiga vigelegele mpaka mtandao ukakatika. Mama mkwe alinivuta akanikumbatia, mara ya kwanza tangu Ijumaa ile, akatuma mtu soda. Nilicheza na mtoto mgongoni. Nilicheza kwa ajili ya Mzee, na nilicheza kwa ajili yangu, na leo siwezi kutenganisha kipi kilikuwa kikubwa.

Simu ya pili ilikuja alasiri, soda zikiwa bado hazijaisha. Sauti ya Hamisi ilikuwa ndogo. Alisema walimwonyesha kwenye televisheni. Madaktari wameufungua mshipa mkubwa, wameweka ndani kipande cha waya wa kusukwa ili usifunge tena, pamekuwa peupe kabisa. Lakini dawa nyeusi wanayoipitisha ili kuiona damu, inafika pale, inapita penye waya, kisha inasimama. Haishuki kwenye nyama ya moyo. Wamemwagia dawa nyingine kupitia ule waya mwembamba wa mkononi, wakajaribu tena na tena, imesogea kidogo tu. Mama mkwe alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza, bila ukali, akitaka kweli kujua, “Kama mulango iko wazi, ni nani anazuia?”  Hamisi alisema daktari alieleza kwa Kiingereza, na mkalimani alichoka. Mama mkwe akazima sauti kubwa, akaendelea kusikiliza simu ikiwa sikioni, na macho yake yakahamia kwangu yakakaa hapo.

Mzee alirudi baada ya wiki tatu. Tulikuwa tumefagia mpaka barabarani. Kutoka kwenye gari hadi kwenye kiti chake alipumzika mara tatu, akijifanya anasalimia watu. Ile sauti ilikuwa imekwenda. Alizungumza vipande vipande, maneno mawili, pumzi, maneno mawili. Alilala akiwa ameegemea mito kwa kuwa akilala chali alizama, kama alivyosema mwenyewe, na jioni miguu yake ilivimba mpaka ukibonyeza kwa kidole shimo linabaki. Alikuja na vidonge vya aina nyingi na karatasi ya masharti. La kwanza lilikuwa chumvi: asile. Daktari kijana alipoyasoma yale masharti, alitueleza kwamba sehemu kubwa ya moyo haisukumi tena. Shemeji akauliza kama hilo litapona, naye akasema tutunze kilichobaki.

Kwa hiyo nilipika bila chumvi. Mama mkwe angeweza kuninyang'anya jiko, lakini hapo angekuwa amenishtaki kwa mdomo, na yeye hakuwa mtu wa kashfa. Alichoagiza ni kwamba nionje mbele ya wote. Mara tatu kwa siku nilipiga magoti kando ya kile kiti, nikachota kwenye sahani ya Mzee kijiko cha sombe isiyo na chumvi, ambayo ni adhabu hata kwa asiyeshukiwa, nikameza, tukangoja. Watu wa nyumbani walijifanya wanaongea. Baada ya muda mama mkwe aliitikia kwa kichwa na Mzee akaanza kula. Yeye hakusema niache, wala hakusema nionje. Alitazama dirishani. Hilo liliniuma kuliko kijiko, lakini nilijiambia mgonjwa ana yake ya kubeba.

Jiko letu liligusana na baraza ya nyuma ambapo wanawake walisuka na kuongea, na ukuta ulikuwa wa matofali mabichi, mtu akinong'ona unamsikia. Hoja yao niliisikia ikijengwa siku baada ya siku. Kama ingekuwa ni ugonjwa wa mshipa, walisema, mshipa si umefunguliwa? Mpira wa mafuta wa gari ukizibuliwa, gari linawaka. Madaktari wa Nairobi wamefanya kazi yao vizuri, hatuwalaumu. Basi kinachomzuia baba asipone kiko mahali pengine, ni kitu alichokula. Niliitafutia hoja ile tundu. Niliitafuta nikifua, nikichota maji, nikimnyonyesha mtoto, na sikuona. Nilijua sikumtilia kitu. Lakini na mimi nilikuwa nauliza swali la mama mkwe: kama pako wazi, kwa nini damu haipiti? Kuna siku nilikinusa kile kidumu cha njano, nikiwaza labda mama yangu, bila kujua, aliuziwa mafuta mabaya. Hapo ndipo nilipokuwa nimefika.

Ikawa kila asubuhi kitu cha kwanza ninachokitazama ni miguu ya Mzee. Ikiwa imepungua, siku hiyo mimi ni mkazamwana. Ikiwa imejaa, wifi zangu hawakai mkeka mmoja na mimi. Jina langu na mtoto wangu vilikuwa vimefungwa kwenye mishipa ya moyo wa mtu mwingine, mishipa midogo isiyoonekana kwa macho, na mimi sikuwa na la kufanya isipokuwa kupunguza chumvi ambayo tayari haikuwepo. Mama yangu alishuka kutoka Fizi kunichukua. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda changu, hakuvua hata kilemba, akasema twende nyumbani kabla huyu baba hajafa mikononi mwako. Nikamwambia nikiondoka akafa, nitakuwa nimekiri. Akasema na ukibaki akafa?  Alipanda gari peke yake, akilia waziwazi mbele ya abiria, jambo ambalo hakulifanya hata siku ya msiba wa baba yangu.

Hamisi naye alipiga simu kutoka Misisi, mashine za kusaga mawe zikinguruma nyuma yake. Aliniuliza mtoto ameota meno mangapi. Kisha akasema, “Niambie tu kweli. Mi sitakuacha.” Nilikaa na simu mkononi nikiwaza kwamba mtu asiyeshuku hana sababu ya kuahidi hivyo. Nikamjibu kwamba kweli ndiyo hiyo anayoijua. Tumeishi pamoja miaka mingi tangu hapo, tumezaa wengine wanne, ni mume mwema, na simu ile hatujawahi kuirudia.

Katika kabati la sebuleni kulikuwa na CD waliyopewa Nairobi, yenye picha za moyo wa Mzee. Shemeji alishajaribu kuiweka kwenye deki. Deki ilizunguka, ikanguruma, ikaandika kwamba haiwezi kusoma. Hata hilo liliongezwa kwenye hoja. Walisema kuna kitu hakitaki kuonekana. Kiangazi kilipofika, Mzee akiwa hawezi tena kwenda hata msikitini, nilifanya jambo moja tu la ujasiri katika mwaka ule. Niliichukua CD nikaifunga ndani ya kitenge, nikaenda nayo hospitali, nikamwomba daktari kijana aitazame. Sikumwambia habari ya sumu. Nilimwambia tu, nataka kujua kwa nini haipiti. Alinitazama akasema atakuja nyumbani mwenyewe kumpima Mzee, na atakuja na kompyuta.

Alikuja siku ya pili yake, akaweka kompyuta juu ya meza ya kahawa, tukajipanga nyuma yake kama kwenye ukumbi wa video. Mzee alikuwa kwenye kiti chake, nasi wengine tumesimama. Picha zilikuwa za kijivu. Tuliona mbavu, tukaona kitu kinachopigapiga, kisha weusi ukaingia kama mizizi. Daktari alionyesha kwa kalamu tawi moja lililokatika ghafla. Hapo ndipo palipoziba, alisema. Akaleta picha nyingine: tawi lilelile, sasa limenyooka, limefunguka, zuri. Shemeji akasema alhamdulillah. Ngojeni, alisema daktari. Akairudisha taratibu. Matawi mengine yalijaa weusi yakapauka, yakajaa yakapauka. Lile lililofunguliwa lilijaa, na weusi ukabaki mle. Ulibaki mpaka picha ikaisha.  Mzee alikuwa akiutazama moyo wake mwenyewe kwa uso wa mtu anayetazama mvua shambani kwa jirani.

Mama mkwe akauliza swali lake, kwa maneno yaleyale. Kama mulango iko wazi, ni nani anazuia? Daktari alifunga kompyuta nusu, akamgeukia yeye peke yake.

“Hakuna mutu anazuia, mama. Ni masaa.” Akamuuliza kama amelima mpunga kwenye bonde la Mutambala. Mama mkwe akasema tangu utoto. “Basi mufereji ikiziba kule kichwa, na shamba inakaa siku nyingi bila maji. Udongo inapasuka, inakauka, vijito vidogo vinajaa matope. Siku utafungua kule kichwa, maji itakuja mpaka pale, itasimama. Moyo iko vile vile. Ile siku ya kwanza yote, nyama ilikuwa inakufa. Mishipa ndogo-ndogo ikavimba, ikajaa vipande vya damu. Bale ba Nairobi balifungua vizuri. Kama bangefungua kabla ya saa zile, damu ingepita. Ile haiko sumu, mama. Haikukuwa sumu hata siku moja.”

Mama mkwe aliinuka. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye magoti mabovu, na nilipoelewa anachotaka kufanya nilijaribu kumzuia nikachelewa. Alipiga magoti kwenye lile zulia akanishika miguu. “Unisamehe, mwanangu,” alisema. “Nilikulisha aibu mwaka muzima.” Wifi zangu wakaanza kulia, shemeji akageukia ukuta. Nilimwinua, nikamkumbatia, nikasema yameisha. Nami nililia, na ilionekana ni sawa nilie. Lakini sikuwa nimesikia vizuri neno sumu. Nilichosikia ni “siku ya kwanza yote”. Nilikuwa nahesabu kichwani: Ijumaa mchana, ile barabara ya kupanda, benchi, kikombe, mpaka kesho yake jioni. Shemeji, akijipangusa macho, akasema kwa sauti ya majuto, “Tulichelewa kule juu.” Tulichelewa. Neno lile lilinifunika vizuri. Niliingia ndani yake siku ile, na kusema kweli nimekaa humo mpaka mwezi uliopita, nikiheshimiwa.

Wote walitoka kumsindikiza daktari mpaka kwenye pikipiki yake. Nilibaki na Mzee. Alikuwa amebakiza wiki chache, ingawa hatukujua, na mwanga wa mchana ulikuwa unaingia moja kwa moja ukaonyesha jinsi mashavu yalivyobonyea. Nilipanga mto mmoja nyuma ya mgongo wake, nikaupanga tena. Nilijua nisiposema wakati ule sitasema. Mkazamwana haongei na baba mkwe akimtazama machoni, kwa hiyo niliongea nikiitazama mikono yangu.

“Baba, ile siku ni mi nilisema tuende kule.”

“Nilisikia,” akasema.

 Alivuta pumzi, akaiacha, akavuta nyingine. Nje nilisikia pikipiki ikikataa kuwaka na watu wakitoa ushauri.

“Yule jirani alisema moyo,” akaendelea. “Na mi nilidhani vile. Nilisikia ndani kama ni moyo.” Pumzi. “Nilikuwa na sauti. Ningesema hapana, bote bangenyamaza. Hata kule kwenye gari, ningesema turudi.”

Nikamwambia Baba asijichoshe. Akainua kidole kimoja kunizuia.

“Sikusema,” akasema. “Sababu na mi nilifikiri ni wewe.”

Pikipiki iliwaka.  Hasira sikuipata, niliitafuta nikaikosa. Nilichopata ni kumwona, pale juu ya magunia, mtu mwenye sauti kuliko wote Baraka akinyamaza kwa ajili ya hofu ileile ya sumu iliyonifanya mimi niseme. Kila mmoja wetu angeweza kuligeuza lile gari kwa neno moja, na kila mmoja alikuwa anamwogopa mwenzake. Mzee alinyoosha mkono wake, jambo ambalo halifanywi, nami nikaushika, jambo ambalo halifanywi. Ulikuwa wa baridi mpaka kwenye kiwiko. Machozi yalikuwa yanamshuka bila sauti kwa kuwa pumzi ya kulia hakuwa nayo. Uani wakawa wanarudi, wanaongea wote kwa pamoja, na mtu mmoja alicheka, kicheko cha kwanza katika nyumba ile tangu Ijumaa ile. Mama mkwe aliingia wa kwanza. Alitukuta hivyo, tumeshikana mikono na tunalia, akafikiri ni furaha, akaja akaketi chini kando yetu, akalia nasi.